Mpira Ulioruka Ukuta

Jumamosi, tukishatoa salamu ya alasiri,
tunafunga geti la madrasa kwa mnyororo,
Ustadhati Mastura anatundika kanga mbili
pale ukuta ulipobomoka mvua za masika,
na uwanja unazaliwa:
mistari ya majivu,
goli moja bomba la maji, la pili gogo la mwarobaini,
pete za nondo alizochomelea kaka yake Zamda
bila kuuliza za nini.

Mimi sikuja kucheza.
Daktari aliitazama karatasi ya sukari,
akanitazama mimi,
akasema: Mama, miguu hiyo umemwekea nani akiba?

Miaka hamsini na mbili.
Ishirini na sita nimekaa kigodani pale Mwaloni
napima dagaa kwa kopo,
magoti yangu yanajua kukunjwa kwa sijda
na kwa biashara, basi.
Wasichana wamebana hijabu kwa pini kisogoni,
wamevaa raba, suruali chini ya madera.
Wakaniweka golini.
"Mama Shamimu mpana," alisema Hidaya, "nani atampita?"
Nikacheka hadi nikakaa chini,
na kuinuka peke yake ikawa zoezi.

Hidaya ana mkono mkali.
Pasi yake ilipita juu ya vidole vya Zamda,
juu ya pete,
juu ya kanga,
juu ya ukuta.
Tukausikia ukidunda jiwe la kwanza.
La pili.
Mabatini hakuna tambarare;
kinachoponyoka huku kinaelekea Mto Mirongo,
na Mirongo haurudishi kitu,
unakabidhi ziwa.

Kimya.
Mpira ulikuwa mmoja,
umenunuliwa kwa faini za wachelewaji wa kikoba.
Nje ya geti kuna vijana wa bodaboda,
kuna Mzee Kasisiko na duka lake la mkaa,
ambaye Ijumaa iliyopita alisema, tukasikia wote:
Mwanamke akikimbia,
ama nyumba inaungua, ama mtoto kazama.

Sijui nani alifungua mnyororo.
Nadhani ni mimi.

Dera nimelikusanya mkono mmoja,
ndala ya kushoto ikanivuka kwa fundi baiskeli,
ya kulia nikaivua mwenyewe, ya nini tena.
Mawe yalikuwa bado na joto la mchana.
Aliyekuwa anasuka aliachia nywele.
Aliyekuwa anapepeta mchele alisimamisha ungo hewani.
"Mama Shamimu! Msiba?"
"Hakuna!"
"Nani kazama?"
"Hakuna! Mpira!"
Na upepo, sikumbuki mara ya mwisho upepo
kunipita masikioni
mimi nikiwa ndiyo sababu.

Haukufika mtoni.
Mzee Kasisiko alikuwa ameushika kwa mikono miwili
kama mtu aliyepewa tikiti maji
asijue limeiva au bado.
Akanitazama miguu mitupu, vumbi, jasho.
Mdomo wake ulitafuta maneno yale ya Ijumaa,
nikauona ukiyatafuta.
Kisha akaniwekea mpira mkononi.
"Hivi mnaanza saa ngapi?"
Sikumjibu.
Pumzi yangu ilikuwa bado iko kwa fundi baiskeli.

Nilipanda polepole,
mpira kwapani, ndala moja moja nikiziokota,
moyo ukidunda kama ule mpira:
jiwe la kwanza, la pili, la tatu,
haushuki popote.

Geti lilifunguka upana wa jicho la Zamda.
"Wamekuona?"
"Wameniona."
"Wamesemaje?"

Nikamtupia mpira kifuani, akaudaka.
"Ngapi ngapi?" nikauliza,
nikarudi golini kwangu.