Pindo la Jezi Namba Tatu

Kocha Mwakibete aliniletea jezi kumi na nane
na kijana mmoja.
Jezi za kubandikwa namba,
kijana wa kupimwa.

"Mpunguzie," akasema, "saizi ya watoto hawakuleta."
Kijana akacheka kabla yetu,
kicheko cha mtu aliyekwisha kuusikia utani huo
Makete nyumbani kwao, kwenye majaribio ya Njombe,
na sasa kibarazani kwangu Uyole.

Nikashusha futikamba, utosini hadi kisiginoni.
Sentimita mia moja sitini na moja.
Nikaandika sitini na mbili.
Fundi naye ana moyo.

Elikana Tweve, beki wa kushoto.
Jezi ilimfika magotini kama kanzu ya kipaimara.
"Kunja, usikate," kocha akaninong'oneza.
"Jezi ni ya klabu. Huyu akishindwa
atavaa mwingine."

Nikakunja.

Jumamosi ilinyesha ile mvua yetu
isiyonyesha wala isiyoacha.
Winga wa Mafinga alikuwa mrefu,
msindano wa Sao Hill uliopewa viatu.
Dakika ya kumi na moja, krosi.
Elikana akaruka.
Wallahi aliruka, hata nikaona nyuzi zangu za pindo,
lakini kuna mahali kuruka hakufiki.
Yule wa Mafinga hakuruka hata kidogo.
Aliinamisha kichwa tu,
kama anayeingia jiko la mkwewe,
na mpira ukawa wavuni.

Nyuma yangu wauza viazi wakapaza sauti:
"Tumeomba lumbesa, tumeletewa kisado!"
Nami nilicheka. Siwezi kuficha,
nilicheka, halafu nikaona haya,
maana kile kisado nilikipima mimi.

Lakini mpira haukai juu siku nzima.
Hapa kwetu kila kitu hushuka mwishowe,
ukungu, bei ya viazi, hata ubishi wa wanaume.
Ulipokuja chini niliona jambo.
Kijana hakutazama miguu ya yule mtu.
Miguu ilicheza ngoma zote, ikaenda Chunya ikarudi.
Elikana alitazama kiuno.

Nikasimama.
Miaka ishirini na sita nashona suruali.
Mtu atavuta tumbo, atanyanyua mabega,
atanidanganya urefu wa mguu;
kiuno hakijawahi kunidanganya.
Kikielekea Igawilo, mtu anakwenda Igawilo.
Na Elikana alishafika Igawilo,
amechuchumaa, anangoja,
anauchukua mpira kama mtoto anayeokota sarafu
kabla mkubwa hajainama.

Mara ya kwanza nikasema bahati.
Kila alipopokonya nikachoma pini
kwenye mkono wa sweta.
Nilirudi nyumbani na pini saba
na kufungwa moja bila.

Moja bila, ndilo lile la kichwa.

Kwenye chai pale kwa Tusekile walibishana hadi taa.
Mmoja: mpira wa siku hizi ni hewani.
Mwingine: pini saba ni saba.
Mwingine akauliza pini gani, nikanyamaza.
Kocha hakubishana. Alikoroga chai isiyo na sukari
na kusema Jumamosi ijayo wanakuja wa Makambako,
nao winga wao, wanasema, ni mrefu kuliko huyu.

Atafaulu? Mimi sijui.
Sijawahi kuona kitambaa kikirefuka kwa kuombewa.
Najua hewani watampiga tena,
na kila timu itakayokuja itajua pa kurusha mpira.
Najua pia saba.

Jumapili jioni aliileta jezi, matope mpaka kolani,
pindo limefumuka upande mmoja.
"Mama, lilininasa kiatuni."
Hakusema ni lini. Sikuuliza.

Alipoondoka nikawasha taa,
nikaitandaza namba tatu mezani,
nikaifuata chaki yangu
na nikakata.

Kipande kilichobaki, upana wa vidole vinne,
nimekifunga kwenye gurudumu la cherehani.
Kocha akija kuuliza,
nitamwambia panya.