Mistari Iliyopinda

Nyanya zimeanza kuchoka.
Majani ya chini ni ya manjano,
na baka la kahawia linapanda
kama doa la chai kwenye kitambaa.
Mwezi wa nane unafungasha.
Umande umenilowesha soksi hadi vifundoni,
na jua, ambalo mwezi wa sita lilinisubiri langoni
tangu saa kumi alfajiri,
sasa linaamka baada yangu, kama mstaafu.

Mimi pia mstaafu. Miaka thelathini na miwili
kiwandani, hapahapa Łódź,
nikishona mashuka ya hoteli.
Pindo langu halikuwahi kuyumba.
Mkono ukizoea kunyoosha hauachi:
hata figili nazipanda kwa uzi,
vigingi viwili, uzi mweusi katikati,
mbegu, kidole kimoja, mbegu, kidole kimoja.

Ng'ambo ya ua wa waya ni kwa Bwana Wincenty,
dereva wa tramu, maisha yake yote juu ya reli,
na mstari ulionyooka haujui.
Karoti zake hukata kona zikakutana na vitunguu,
vitunguu navyo huenda kuamkia kabichi.
Miaka kumi na tisa namwambia:
"Chukua uzi wangu, jirani. Ni wa bure."
Miaka kumi na tisa ananijibu:
"Bi Bogumiła, reli zilinitosha."

Jumanne aliteleza ngazini. Nyonga.
Binti yake, Jagoda, akapiga simu kutoka hospitali:
wiki sita, labda nane, asiinue hata ndoo.
"Baba anauliza habari za nyanya," akasema.
"Za mguu hajauliza."

Basi nimeingia kwake.
Nyekundu nimezitia ndooni,
mbichi nimezifunga gazetini, zitaivia dirishani kwangu.
Miche yenye baka nimeichoma;
haiendi kwenye mboji,
ugonjwa hauwekewi akiba.
Shibiti iliyomzidi ujanja ikazaa mbegu
nimeikung'utia kwenye bahasha ya bili ya umeme.
Maharage nimeyakata usawa wa ardhi,
mizizi nikaiacha hukohuko,
ina chakula cha wenzake wajao.

Udongo wake, nakiri, unaushinda wangu:
mweusi, unamomonyoka kiganjani kama keki,
na nyungunyungu wake ni wanene, hawana haraka.
(Hili sitamwambia.)

Vitunguu saumu vitasubiri Oktoba.
Vinaning'inia kibandani, amevisuka mwenyewe,
ovyo, bila shaka.
Lakini spinachi haisubiri.
Iingie wiki hii, ishike mizizi
kabla siku hazijafupika na sakitu haijabisha hodi.

Nikachomeka vigingi. Nikavuta uzi.
Mstari ukatokea: mweusi, mnyoofu, wangu.
Nikauangalia.
Tufaha likaanguka nyuma yangu, pu!
Nikaangalia tena.
Nikamwona amerudi na mkongojo wake,
majani machanga yamesimama mbele yake kama gwaride,
naye amebaki langoni, mgeni,
akitafuta bustani yake ilipo.

Nikauzungusha uzi kidoleni, nikautia mfukoni.

Kazi ile ilinishinda kuliko pindo lolote.
Mkono unakataa. Nausukuma kushoto,
unarudi njia kuu.
Mfereji wa kwanza ulitoka kama rula;
nikaufuta kwa reki.
Wa pili ulilegea kidogo karibu na pipa la maji.
Wa tatu, sijui nilikuwa nawaza nini,
labda supu, labda baridi ya mwaka juzi
aliponiachia kuni mlangoni bila kubisha,
wa tatu ulijiendea wenyewe, ukapinda,
ukafika kabichi, ukaiamkia.

Jioni Jagoda akapiga tena.
"Mwambie spinachi imeingia," nikasema.
Nikasikia sauti nyuma yake, kavu, ya mtu aliyelala chali:
"Muulize, imenyooka?"

Uzi ulikuwa mfukoni, umenizunguka kidole.
"Mwambie niliusahau uzi nyumbani."