Nusu Lita ya Moto

Siku ya sita toka Tabora
tangi limejaa mpaka shingoni
na jiko langu ni kavu.
Walioiunda pikipiki hii waliweka wavu kooni mwa tangi
mwizi asipitishe mpira akanyonya.
Leo mwizi ni mimi,
na nimeshindwa kujiibia.

Sokoni Nyawera kijana mmoja alinyoosha kidevu:
"Nenda Esanse."
Nikaenda. Esanse ni mtaa.
Kuna vitunguu, soli za viatu, msusi na foleni yake,
mhubiri anayegombana na spika,
matope yanayoteremka kama yana miadi ziwani.
Kila harufu ipo ila ile niliyoijia.
Labda zamani palikuwa na pampu;
pampu ikaenda zake, jina likakaa,
kama mpini uliosahauliwa na jembe.

Mama Cibalonza ana meza ya chupa chini ya mwavuli.
Nikasema, "Petroli, nusu lita,"
kwa Kiswahili changu cha shule, kimepigwa pasi.
Akamimina bila haraka. Nikanusa
na nikawa na miaka tisa:
koroboi ya bibi, daftari la hesabu,
masizi puani asubuhi.

"Mama, haya ni mafuta ya taa."
"Njo petrole. Si ulisema petrole?
Petrole iko ya taa."
"Mimi nataka ile… ile…"
Neno likanikwama kama mfupa wa sambaza.
Mpaka nimevuka na pasipoti imegongwa muhuri,
hakuna aliyeniambia kwamba maneno nayo
hubadilishwa mpakani, kama hela.

"Ile ya moto?" akanisaidia.
"Ndiyo, mama! Ya moto!"
"Sasa moto yako iko wapi?"

Nikafungua mkoba, nikaiweka mezani:
miguu mitatu ya chuma, kichwa cha shaba,
buibui mdogo mwenye njaa.

Kimya.
Mugaruka, aliyekuwa amelalia usukani akingoja abiria,
aliinuka polepole, akaizunguka meza,
akainama kutafuta magurudumu.
"Hii njo moto? Unaipandaka aje?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na wao wakaelewa,
na kicheko kikapita toka meza hadi meza,
hadi kwa msusi, ambaye alimvuta mteja nywele akapiga yowe.
Kwao moto ni pikipiki. Kwetu moto ni moto.
Jiko langu lilisimama katikati
likiwa vyote viwili, halina mafuta ya kimoja.

Alirudisha petrole chupani, hakumwaga tone.
Akachuja esanse kwa kipande cha kitenge,
nyuzi za njano zikadaka mchanga.
"Chunga. Petrole iko na uvumilivu.
Esanse, hapana."
Kisha, akiwa bado na noti yangu mkononi:
"Chupa ni yangu. Utarudisha."

Usiku, Nguba, ua wa nyumba ya wageni.
Mvua ilikuwa imeanza na haikuonyesha dalili ya aibu.
Nilipampu mara ishirini, nikawasha.
Ulimi wa manjano ulirukia nyusi zangu,
ukaunguza kidogo, ukajirudi,
ukawa bluu na kuanza kunguruma
kama pikipiki ndogo inayopanda mlima isioonekana.
Nikacheka peke yangu. Mugaruka hakukosea sana.
Nilikula sambaza na nyanya, moja kwa moja sufuriani.
Vidole vilinuka esanse, hata baada ya sabuni mbili.

Asubuhi nilikuwa na mteremko wa Ngomo mbele yangu
na mawingu yamekaa pabaya.
Njia ya Kamanyola haipiti Esanse.
Nilipita Esanse.

Aliipokea chupa, akaiinua juani, akaona imebaki kidole kimoja.
"Moto iliiva?"
"Iliiva, mama."
Akafuta mdomo wa chupa kwa kile kitenge,
akairudisha kwenye mstari,
kati ya petrole na esanse,
mahali ambapo hapakuwa na jina.