Kufumua

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Mkono wa kushoto nimeupachika kulia,
mara ya tatu mwezi huu.
Kipande cha wembe mkononi, ulimi nao wembe:
"Jitu zima, hata kushoto hukujui!"
Nikavuta uzi kwa hasira,
gauni la Bi Saumu likachanika.

Jana Tunu, mwanagenzi wangu, alikosea vilevile.
Nilimwambia: "Pole, mwanangu. Kunywa chai kwanza.
Fumua taratibu. Kitambaa hakina kosa."

Nikajimiminia chai. Imepoa, tangawizi imetuama chini.
"Pole, Mwanakombo," nikasema,
kwa sauti, cherehani isikie.

Kisha wembe tena,
mshono
mmoja.

Palipochanika nitapashonea ua.
Bi Saumu anakuja Alhamisi;
leo ni Jumatatu.