Swali la Saba

Muuguzi Eteri ana karatasi yenye maswali kumi na moja
na kalamu inayovuja.
Ameketi kwenye kitanda cha jirani aliyeruhusiwa jana,
anauliza kwa upole, kama mtu anayebisha hodi
huku ameshaingia.

Ni ya kupima, anasema,
nani kati ya walionusurika kiharusi
yuko karibu kuangukia sonona.
Anguko hilo la pili halina kishindo,
ndiyo maana tunauliza mapema.

Kiharusi kilipiga wapi?
Kushoto, mbele, kwenye ghala la maneno.
Kaka yangu Ushangi, tamada wa Kutaisi,
aliyeinuka na pembe ya divai
akawataja wafu, wazazi, wageni, mizabibu,
na meza nzima ikashusha vijiko hadi amalize,
amebakiwa na neno moja: ndoo.
Chai ni ndoo. Mkewe ni ndoo.
Maumivu ya bega, ndoo, ndoo,
na anajua kwamba silo.
Angekuwa hajui, lingemkata kidogo.

Mkono wa kulia? Umelala.
Anaishi orofa ya ngapi?
Ya nne, na lifti inameza sarafu tu tangu Pasaka.
Wanaomtembelea?
Wiki ya kwanza walijaa hadi ukumbini,
walileta jibini, walileta komamanga.
Hii ni wiki ya sita.
Huja Jumberi peke yake, anampigia kelele kama kiziwi,
anatazama saa, anasahau kofia,
anarudi kuichukua bila kuketi.

La tano na la sita ni usingizi na pensheni.
Nanuli, wifi yangu, anayajibu haraka
kama anayelipa deni dogo.

La saba.
Kabla ya kiharusi, aliwahi kuwa na huzuni nzito,
ya wiki nyingi, ya kutotaka kuamka?
"Huyu?" Nanuli anacheka.
"Huyu alizaliwa anacheka. Muulize hata Tsiala."

Tsiala ni mimi.

Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata yenyewe ilikuwa mimi,
majira ya baridi ya tisini na tatu,
umeme hakuna, mkate kwa foleni ya usiku,
Nanuli kijijini kwa mama yake na kichanga.
Ushangi alilala akiuelekea ukuta
siku arobaini na nne. Nilizihesabu kwa mishumaa.
Nilimlisha mkate uliolowekwa, kama ndege.
Usiku mmoja niliifunga bunduki yake ya kuwindia ndani ya zulia,
nikaibeba mtaa mzima kama mtoto aliyesinzia,
nikaizika kwa shangazi, kati ya mitungi ya divai.
Machi akanyoa ndevu.
Aprili akasimama harusini na pembe mkononi,
watu wakalia kwa utamu wa maneno yake.
Kabla hajasimama alinishika kiwiko:
Apa. Nikaapa kwa kaburi la mama.

Tangu hapo kila alipoinua pembe
wenzangu walimsikia yeye,
mimi nilisikiliza ukuta nyuma yake.

Kalamu ya Eteri imeshaanza kuandika hapana.
Nje, mto Rioni una rangi ya maji ya kuoshea sufuria.
Ushangi ananitazama.
Mdomo wake umepinda, macho hayakupinda.

"Ndiyo," nasema. "Andika ndiyo."

Nanuli haulizi lini. Haulizi kwa nini.
Anakunja shali, anaikunjua.
"Kwa hiyo bunduki," anasema,
"hamkuiuza kununua unga."

"Ndoo," anasema kaka yangu,
polepole, kwa sauti yake ile ya karamu,
na sijui kama amenilaani
au amenitua mzigo.

Eteri anakata neno lake. Wino unasambaa
hadi swali la nane, anaufuta kwa kidole,
anakifuta kidole kwenye aproni.
"Yamebaki manne," anasema.