Mirunda

"Kitendawili."
"Tega."
"Supu yangu huganda ikipata joto.
Ikipoa, maji."
Mama Subilaga anakoroga makongoro, hanitazami.
Yake, Soweto nzima inajua, hulala majimaji
na kuamka imeshikana, ukigonga sufuria inatikisika.
"Nimeshindwa. Chukua mji."
"Mji gani?"
"Chukua Tukuyu."
"Tukuyu sitaki, mvua yake haina adabu. Niachie mikia."

Ndivyo tunavyogawana ng'ombe, mimi na yeye:
yeye kwato, mimi kano za mkia,
nyeupe kama uzi wa kushonea viatu.
Anyosisye wa machinjioni hunifungia kwenye gazeti
na kila wiki huuliza kama nimeolewa na mganga.

Maabara ni chumba kimoja nyuma ya wodi ya walioungua.
Nakata kano vipande vidogo kuliko mchele,
nazilaza kwenye siki, baridini, siku tatu,
mpaka ziache ubishi.
Kinachobaki ni ute.
Ndani ya ute mna nyuzi jicho halizioni,
tatu tatu zimesukwa,
zimesahau zilikuwa mnyama.
Tone la magadi. Joto la kwapa.
Zinakumbuka kushikana.

Mara saba ukungu ulinitangulia.
Mara ya nane, Julai, umeme ukakatika siku mbili,
jokofu likaanza kutoka jasho.
Nikatoa chupa nje, nikaizamisha kwenye beseni chini ya bomba,
nikakesha nayo, mablanketi mawili, Loleza nyeusi mbele yangu.
Baridi ya Mbeya, itoboayo mifupa ya wageni,
usiku ule ilikuwa mfanyakazi mwenzangu
asiyedai posho.

Baba alikuwa mwashi.
Ghorofa ile ya Mwanjelwa aliipandia kwa mirunda ya Mafinga,
akaifunga kwa katani, akailaani kila asubuhi:
inaibiwa, inapasuka, inakula faida.
Siku ukuta ulipokomaa aliiteremsha akipiga mluzi.
Yakabaki matundu.
Akayaziba kwa saruji, tundu kwa tundu,
kwa kidole gumba.

Nami nimerithi mirunda, ila yangu haiteremshwi.
Napanda humo seli za ngozi, chache tu,
za kijana wa Igawilo aliyemwagikiwa mafuta ya maandazi.
Tulipomwomba kipande cha ngozi nzima
aliuliza kitu kimoja: kitauma?

Siku ya kwanza zimejikunyata, viduara.
Siku ya pili zinanyoosha mikono.
Ya nne, zinavuta.
Sikudhani kitu kidogo vile kina msuli:
mduara uliokuwa sawa na kizibo cha soda
umekuwa kifungo cha shati.
Napima kwa rula ya shule, naandika, napima tena.
Huko ndani zinakula mirunda,
na palipokuwa na uzi wa ng'ombe
zinasuka uzi wa mtu,
bila fundi, bila mluzi.

Bado hatujampandikizia yeyote.
Kwanza tunaichoma makusudi, tunaipaka dawa,
iungue kwa niaba ya kijana yule.
Ngozi isiyo na kitovu.
Ngozi isiyo na jirani wa kuiambia pole.

Kimoja kilichoharibika nilimpelekea Mama Subilaga,
ndani ya kichupa.
"Jibu lako hili."
Akafuta mikono, akakiinua kwenye mwanga,
na mkono wa kanga ukateleza:
kovu, kutoka kiwiko hadi kifundo,
linalong'aa, limejivuta,
nililoliona kila asubuhi kwa miaka mitatu
kama mtu aonavyo sufuria.

"Hiki kinavuta?"
"Kinavuta."
"Hata changu kilivuta," akasema. "Mwaka mzima.
Usiku nilikuwa nakisikia."

Akanirudishia kichupa. Akanimiminia bakuli.
"Na Tukuyu?" nikauliza.
"Chukua," akasema, akishusha kanga.
"Ukifika kule, jifunike."