Ramani ya Sukari

Kibanda changu kinatazama lango la hospitali,
hapa Malindi, penye ardhi bapa kama sinia:
kitu kirefu nilichowahi kupanda ni tangi la maji,
nikiwa mdogo, nikateremshwa nikilia.

Chelang'at huja saa kumi na moja na nusu alfajiri,
sare nyeupe, viatu vya raba.
Mahamri mawili, maji ya moto matupu.
Chai hagusi.
Mwaka mzima nikidhani ni mambo ya tumbo.

"Bi Mishi, mimi nimeichuma," akasema siku moja,
akamwaga sukari yangu mezani bila kuomba,
akaifinyanga kwa ncha za vidole.
Hapa Mau. Hapa Nandi. Huku mvua ya mawe
huingia saa tisa alasiri, kama mpangaji mwenye ufunguo.
Hapa kijani, kijani, kijani mpaka macho yachoke,
na safu za nyumba: chumba kimoja, moshi mmoja,
kikapu mgongoni, majani mawili na chipukizi,
karani akikata kilo kwa kisingizio cha umande.

Kisha akapitisha ukucha.
"Kamba ya mpima ardhi ilikatiza hapa,
katikati ya jiko la bibi ya bibi yangu.
Walioigomea walihamishwa na ng'ombe wao
hadi kwenye mbung'o, kando ya ziwa.
Waliobaki walirudi kulima shamba lao wenyewe,
kwa mshahara."

Sikujua niseme nini. Nikakoroga.
Jani bora, akasema, hunadiwa Mombasa, hupanda meli;
vumbi ndilo linalobaki kwetu,
kwenye pakiti yenye picha ya mlima.
Na mwaka juzi ikaletwa mashine,
inavinyoa vichaka kama kinyozi:
kazi ya watu sitini, dereva mmoja.
Mamake alipewa barua. Kikapu alikuwa nacho.

Sisimizi wakaja, wakaibeba Nandi punje kwa punje.
Sikuwafukuza.

Jana ametoka zamu, akaketi, hakuongea.
Halafu: "Nipe turungi. Bila sukari."
Kisima chetu kina chumvi, nikaona haya.
Akanusa kwanza, kitambo kizima.
"Hii imechumwa baada ya baridi kali," akasema.
"Jani liliungua kidogo."
Akanywa nusu.

Nusu ya pili ipo, nimeifunika kwa kisahani.
Vikombe vyote nimeosha.
Hicho bado.